Data za majaribio ya dawa: zibaki kabatini, zitolewe kwa maombi, au ziwekwe wazi kwa wote?

"Mwanangu, yale makohozi yangu yalisema nini?"

Aliyeniuliza ni mzee mmoja wa Mbalizi, siku ya mkutano wa mrejesho. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanivuta pembeni. Alikuwa amemaliza dozi ya kifua kikuu akiwa ndani ya utafiti wa dawa, na kila alipoitwa alikuja na kikopo chake, hata zile asubuhi za Juni ambapo baridi ya Mbeya inaingia mpaka kwenye mifupa. Alikuwa amepona, wala hakuja kulalamika. Alitaka kujua kilichotoka kifuani mwake kimemfundisha nani, na kimemfundisha nini. Mimi ndiye karani niliyeingiza namba zake kwenye kompyuta, na bado sikuwa na jibu. Faili lilishafungwa na wenye funguo walikuwa mbali.

Swali lake limenifuata tangu hapo, maana nimeliona likirudi kwa watu wengine kwa sura nyingine. Mwanafunzi wa udaktari anayetaka kuchapisha matokeo ya jaribio lake analazimika kueleza kama data zake zitatolewa, kwa nani na kwa njia gani. Majarida makubwa ya tiba yanadai maelezo hayo tangu Julai 2018. Mjumbe wa kamati ya maadili anasoma ombi la watafiti wa nje wanaotaka faili zima na hajui akubali au akatae. Na mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la kliniki ameshika fomu ya ridhaa yenye mstari unaosema taarifa zake "zinaweza kutumiwa na watafiti wengine siku za baadaye", na kalamu iko mkononi.

Huku nyanda za juu kusini hatuwezi kulikwepa jambo hili. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17, mikoa mitatu iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima ilikuwa ya kwetu: Njombe asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimeshiriki kwa miaka mingi katika majaribio ya dawa za kifua kikuu na ya chanjo za UKIMWI. Damu na makohozi ya watu wetu yamo kwenye mafaili ya dunia.

Njia zilizopo ni tatu. Kabla ya kuzipitia, haya ndiyo maswali nitakayoiuliza kila moja. Je, mtu mwingine anaweza kuhakiki kwamba dawa inafanya kazi kama inavyosemwa? Siri ya mgonjwa inalindwa? Kazi na gharama inamwangukia nani? Watafiti na jamii ya hapa wanapata haki yao? Na taarifa inawafikia wanaoihitaji kwa kasi gani?

Njia ya kwanza: matokeo yatangazwe, data zibaki kabatini

Hapa jaribio linasajiliwa kabla halijaanza, kwa mfano kwenye daftari la majaribio la Afrika nzima, PACTR, lenye makao Cape Town, ambako kusajili hakulipiwi. Likiisha, matokeo ya jumla yanatangazwa na makala inachapishwa: wangapi walipona, wangapi walidhurika, wangapi walikatisha. Mistari ya mgonjwa mmoja mmoja inabaki kwa waliofanya utafiti.

*Uhakiki.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa, na dunia imeulipia. Mwaka 2009, watu wakiwa na hofu ya homa ya mafua ya nguruwe, serikali nyingi zilijaza maghala dawa ya Tamiflu. Uingereza peke yake ilitumia takriban pauni milioni 424 kuiweka akiba. Imani hiyo ilisimama kwa kiasi kikubwa juu ya uchambuzi mmoja uliounganisha majaribio kumi na kusema dawa inapunguza matatizo ya kifua na kulazwa. Daktari wa watoto wa Japani, Keiji Hayashi, akauliza swali jepesi: manane kati ya hayo kumi hayajachapishwa kwa ukamilifu popote, sasa tunajuaje? Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia ushahidi wa tiba, wakaanza kuiomba kampuni ya Roche ripoti kamili. Walizipata zote mwaka 2013, baada ya miaka ya barua na kampeni. Uchambuzi waliotoa Aprili 2014 ulionyesha kwamba kwa mtu mzima dawa ilifupisha dalili kutoka siku 7 hadi siku 6.3, na hapakuwa na ushahidi thabiti kwamba inazuia kulazwa hospitalini. Nusu siku na kidogo. Nchi yenye fedha inaweza kumeza hasara ya namna hiyo. Zahanati ya Makete ikinunua dawa isiyo na faida, kuna dawa nyingine itakayokosekana rafuni.

*Siri.* Inalindwa vizuri kuliko njia zote. Jedwali lenye jumla halimtaji mtu.

*Kazi na gharama.* Ndogo. Kusajili na kujaza muhtasari wa matokeo ni kazi ambayo hata timu ya watu watatu inaiweza.

*Haki ya hapa.* Timu iliyohangaika barabarani inabaki na mavuno yake. Lakini kabati si ghala salama. Nimeona kompyuta ya mradi mmoja, yenye data za mamia ya wagonjwa, imewekwa stoo chini ya mabango ya semina. Fedha za mradi ziliisha, mtu aliyejua nywila akapata kazi Dodoma, na hapo ndipo hadithi ilipoishia. Hakuna aliyeficha chochote. Data zilikufa tu, na pamoja nazo safari zote za wagonjwa kuja kliniki.

*Kasi.* Muhtasari unaweza kutoka haraka, na haraka ina mambo yake. Mei 2018 watafiti wa Botswana walitangaza hesabu ya awali: kwa wanawake 426 waliokuwa wakitumia dawa ya VVU iitwayo dolutegraviri walipopata ujauzito, watoto 4 walizaliwa na hitilafu ya mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Nchi kadhaa zikawazuia wanawake wa umri wa kuzaa kupewa dawa hiyo, ambayo ilikuwa bora kuliko walizokuwa nazo. Watafiti hawakuacha kuhesabu wala kutangaza. Mwaka 2019 kiwango kilikuwa kimeshuka kutoka karibu asilimia 0.94 hadi asilimia 0.30, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa kwa wote, wanawake hao wakiwemo. Mimi naona walifanya sawa kusema mapema, kwa sababu waliendelea kusema. Anayetangaza mara moja na kunyamaza ndiye wa kuogopwa.

Njia hii inamfaa mwenye utafiti mdogo, wa hospitali moja, juu ya ugonjwa wenye unyanyapaa, na asiye na mtu wa kutunza data.

Njia ya pili: data zitolewe kwa maombi

Fikiria stoo yenye mlinzi. Data za mgonjwa mmoja mmoja zinaondolewa majina na alama nyingine, zinawekwa kwenye hifadhi maalumu, na anayezitaka anaandika mpango wake wa uchambuzi. Kamati inausoma, anasaini mkataba wa kutojaribu kumtambua mtu yeyote, kisha anafunguliwa. Vivli, mradi wa YODA wa Chuo Kikuu cha Yale, TB-PACTS kwa kifua kikuu na WWARN kwa malaria hufanya kazi kwa namna hiyo. Kwa Tanzania kuna geti jingine kabla ya hapo: data za utafiti wa afya zikitoka nje ya nchi zinahitaji mkataba wa kuhamisha data ulioidhinishwa na NIMR, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti.

*Uhakiki.* Hapa ndipo nilipopata jibu la mzee wa Mbalizi, kwa kuchelewa. Mwaka 2014 majaribio matatu makubwa ya dawa za kifua kikuu, REMoxTB, OFLOTUB na RIFAQUIN, yalitangaza kwamba dozi mpya za miezi minne hazikufikia ile ya miezi sita. REMoxTB peke yake ilikuwa na wagonjwa 1,931, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Kama data zingebaki kabatini, hadithi ingeishia kwenye neno "imeshindikana". Ziliwekwa TB-PACTS, wachambuzi wakaziunganisha hadi wagonjwa 3,405, na mwaka 2018 wakaonyesha kitu ambacho hakuna jaribio moja kati ya yale lingekionyesha likiwa peke yake. Karibu nusu ya wagonjwa, wale wenye ugonjwa mwepesi, walitibika kwa miezi minne vizuri kama kwa sita. Waliokuja na bakteria wengi kwenye makohozi pamoja na mashimo mapafuni huenda wakahitaji hata zaidi ya miezi sita. Na kukosa hata dozi moja kati ya kumi kuliongeza hatari ya matibabu kushindwa.

Kwa hiyo makohozi ya wagonjwa wale yalisema kwamba wagonjwa hawalingani, na kwamba siku anayoikosa mtu dawa kwa kukosa nauli ya bajaji ina uzito wake. Makohozi ya mgonjwa mmoja hayawezi kusema hivyo, wala ya hospitali moja.

Mfano wa pili unawahusu zaidi ndugu zetu wa Kyela, kwenye joto la ziwa na mbu wake. Mwaka 2013 WWARN iliunganisha tafiti 26 zenye wagonjwa 7,072 waliotibiwa malaria kwa dawa mseto yenye piperakwini. Ilionekana kwamba watoto wa mwaka mmoja hadi mitano walikuwa wanapewa dozi ndogo kwa kilo na malaria iliwarudia zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ukaongeza dozi kwa watoto wa chini ya kilo 25. Katika utafiti mmoja mmoja watoto waliougua tena walikuwa wachache, mtu angewapita bila kushtuka.

*Siri.* Inalindwa kwa mkataba na kwa kusafisha faili. Si ukuta usiopenyeka, lakini anayevunja anajulikana jina.

*Kazi na gharama.* Hili watu hulidharau. Mgeni hawezi kusoma faili lenye safu iliyoandikwa herufi tatu na namba bila kamusi inayoeleza kila safu ni nini, ilipimwaje, na kwa nini wagonjwa fulani hawana thamani pale. Kuandika kamusi hiyo baada ya miaka miwili ni mateso. Ianzishwe siku dodoso linapotungwa. Kisha tarehe zibadilishwe kuwa siku ya 1, siku ya 14, siku ya 56, na umri uwekwe kwa makundi. Ni kazi ya miezi, na mara nyingi bajeti haikuitenga.

*Haki ya hapa.* Hapa nina neno. Mwaka 2016 wahariri wa jarida la New England Journal of Medicine walitaja jina ambalo baadhi ya watafiti huwapa wanaotumia data zilizokusanywa na wengine: vimelea. Neno lile liliwaudhi wengi, na kwa haki, maana uchambuzi wa 2018 nilioueleza ni kazi ya aina hiyohiyo na umewafaa wagonjwa. Lakini hofu iliyo nyuma ya neno naielewa. Mtu amepanda milima ya Rungwe kwenye matope ya Machi kumfuatilia mgonjwa aliyepotea, halafu faili linachambuliwa kwa wiki mbili na mwenye kompyuta kubwa asiyejua Tukuyu iko upande gani. Njia hii, tofauti na zile nyingine mbili, inaruhusu masharti: muda wa timu ya hapa kuchambua kwanza, mtafiti wa hapa kuwemo kwenye timu ya mwombaji, matokeo kurudishwa kijijini. Masharti hayo hayaji yenyewe. Yasipoandikwa kwenye mkataba, kamati inabaki kuwa geti la kuwafungulia wakubwa tu.

*Kasi.* Polepole. Wiki, mara nyingi miezi. Wakati wa mlipuko hilo ni tatizo la kweli.

Inawafaa wenye majaribio ya vituo vingi, magonjwa yanayohitaji maelfu ya wagonjwa ili jibu lionekane, na timu zenye mtu wa data anayelipwa.

Njia ya tatu: ziwekwe wazi kwa wote

Faili linapandishwa kwenye intaneti. Yeyote mwenye bando analipakua, bila kuomba.

*Uhakiki.* Hakuna kinachoizidi. Mwanafunzi wa Iringa anaweza kurudia hesabu za profesa wa London usiku huohuo na kukuta kosa. Mahali ambapo njia hii imezaa vizuri ni kwenye data zisizo na mgonjwa ndani. Mwaka 2010 kampuni ya GlaxoSmithKline, baada ya kupima karibu molekuli milioni mbili, iliweka hadharani maumbo ya molekuli 13,533 zilizoonyesha kuua kimelea cha malaria. Baadaye taasisi ya Medicines for Malaria Venture ya Geneva ilichagua molekuli 400 kutoka kwenye hazina za namna hiyo na kuzigawa bure kwa maabara zilizoziomba. Molekuli haina shangazi wala majirani wa kuisengenya.

*Siri.* Mgonjwa anao. Naomba nieleze kilichonipata. Siku moja nilipewa faili nilisafishe kabla ya kupelekwa mbele. Majina yalikuwa yameondolewa, kila mtu alikuwa namba. Yalibaki kijiji, jinsi, umri, kazi na tarehe ya kuanza dawa. Nikafika kwenye mstari wa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, wa kijiji ninachokifahamu. Kabla sijamaliza safu nilishajua ni nani. Alinifundisha darasa la tatu. Safu ya mwisho kulia ilikuwa hali yake ya VVU.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sikuwa nimefanya kosa lolote, na hata hivyo nilikuwa nimeingia chumbani kwake bila hodi. Mjini watu ni wengi na namba inamficha mtu. Kijijini, ambako mwalimu mstaafu wa kike ni mmoja, namba haifichi chochote. Inawezekana kufuta kijiji na kazi na kubakiza mkoa, lakini hapo unapoteza kitu: anayetafuta wapi usugu wa dawa unaanzia anakihitaji kijiji hichohicho.

*Kazi na gharama.* Watu hudhani ni rahisi kwa kuwa hakuna kamati. Usafishaji wake ndio mkali kuliko wote, kwa sababu faili likishapakuliwa huwezi kulirudisha. Mgonjwa akijitoa mwaka kesho, unaweza kumfuta kwako, siyo kwenye kompyuta elfu za watu.

*Haki ya hapa.* Inakata pande mbili. Inamfungulia mlango kijana asiye na barua ya utambulisho wala mfadhili, na hilo nalithamini sana. Lakini haimdai mtu yeyote kurudi kusema asante.

*Kasi.* Ya papo hapo.

Inafaa data za maabara, za molekuli, za vimelea vyenyewe, na majedwali ya jumla yaliyokwishakatwa vizuri.

Uko wapi wewe?

Kitu kimoja sikihesabu kama chaguo: kusajili jaribio na kutangaza matokeo yake ya jumla, mazuri au mabaya. Hiyo ni sakafu ya njia zote tatu. Tofauti zinaanzia juu yake.

Kama ni mwanafunzi mwenye wagonjwa sitini wa hospitali moja, na wanatoka vijiji vinavyojulikana, kaa kwenye njia ya kwanza bila aibu. Lakini weka kamusi ya data na nakala iliyosafishwa mikononi mwa chuo, siyo kwenye kompyuta yako mpakato pekee, ili siku ikitokea timu inayounganisha tafiti ndogo, zako ziwepo.

Kama uko kwenye jaribio la vituo vingi, hasa la kifua kikuu, malaria au VVU, pigania njia ya pili tangu kwenye bajeti. Mshahara wa mtu wa data uandikwe kwenye mstari wake, na fomu ya ridhaa iseme wazi. Ridhaa isiyotaja matumizi ya baadaye itakufunga mikono hata ukiwa na nia njema.

Kama kazi yako ni ya maabara na hakuna mtu ndani ya faili, njia ya tatu itakufikisha mbali zaidi. Isipokuwa kama mmea unaouchunguza ulionyeshwa na mganga wa Njombe au bibi wa Makete: hapo kuna mwenye ujuzi, na kabla ya kuweka umbo la molekuli hadharani zungumza naye na uandikishane naye haki zake.

Kama ni mjumbe wa kamati ya maadili au bodi ya ushauri ya jamii, soma orodha ya safu kabla ya kusoma barua ya maombi. Kijiji, kazi, tarehe kamili na ugonjwa vikiwa pamoja kwenye faili moja, rudisha. Vikiwa vimekatwa vizuri na mtafiti wa hapa yumo, usikatae kwa woga tu, maana hata kukataa kuna gharama, na anayeilipa ni mgonjwa.

Na kama wewe ndiye uko kwenye benchi na kalamu mkononi, una haki ya kumwuliza anayekusainisha: taarifa zangu zitakaa wapi, nani ataruhusiwa kuziona, kijiji changu kitaandikwa, nikibadili mawazo mtazifuta vipi, na matokeo nitaletewa lini. Akisema hajui, mwambie akamwulize mkubwa wake, utamsubiri. Akileta jibu, liandike nyuma ya nakala yako ya fomu, na tarehe yake.